Siku Nilipoiombea Dunia Isipigwe na Jiwe

Nilipovunjika mguu, binti yangu wa tatu alikuja kukaa nami Runazi kwa miezi mitatu. Kazi yake kule Mwanza ni kuandika programu za kompyuta, na alisema inafanyika popote penye mtandao. Mama yake alikuwa ameshatutoka, nyumba ilikuwa kimya. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ule mguu.

Aliiweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, nami nikawa nanyoosha mguu juu ya stuli kando yake. Alikuwa anatengeneza tovuti ya kuonyesha asteroidi, yale mawe yanayolizunguka jua na mara nyingine kupita jirani na dunia yetu. Wataalamu wa anga hupima njia ya kila jiwe na kuziweka hesabu hizo mtandaoni kwa yeyote anayezitaka. Yeye alizichukua akazigeuza kuwa picha inayotembea: dunia ni duara la buluu, mawe ni nukta za rangi ya chungwa. Ukigusa nukta, jina la jiwe linatokea. Ukivuta kidole sehemu ya chini ya kioo, siku zinakwenda mbele au zinarudi nyuma.

"Baba, nikiandika 'obiti' wataelewa?"

"Andika 'njia'. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua njia."

Alicheka, akafuta. Asubuhi zile nazikumbuka kwa harufu ya chai ya tangawizi na sauti ya vidole vyake. Nimekuwa katekista miaka mingi, nikiwafundisha watoto kwamba Mungu aliumba hata vile tusivyoviona, na sikutegemea kwamba uzeeni nami nitaonyeshwa sehemu yake nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Alhamisi moja alikwenda Lusahunga kununua mahitaji, akaiacha kompyuta wazi. Siku hiyo jumuiya yetu ndogo ingesali kwangu, kwa kuwa mimi sikuweza kutembea. Kabla watu hawajafika, nikavuta kidole kama nilivyomwona akifanya. Wiki mbili mbele, nukta moja ikaja ikaligusa duara la buluu. Nikazirudisha siku nyuma, nikavuta tena. Ikagusa tena.

Ulipofika wakati wa nia za maombi, nikasema, "Tuiombee dunia. Kuna jiwe linakuja baada ya wiki mbili. Nimeliona kwa macho yangu."

Waliitikia kama kawaida, ila sauti zilikuwa chini kuliko kawaida.

Kesho yake binti yangu aliingia kutoka kwa jirani yetu, mjane aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana na kuzeekea hapa. Hakukaa.

"Baba, umewaambia nini watu?"

"Kuhusu nini?"

"Mama jirani anapika mbegu zake za maharage. Nusu zimeshaingia chunguni. Anasema katekista ameona jiwe, bora wajukuu wafe wameshiba."

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kila mtu alikuwa shambani. Mbegu zile mjane alizichambua punje kwa punje tangu mavuno. Na hizo zilizobaki zikipikwa, msimu ule hatavuna kitu.

Nikamweleza nilichokiona. Akashika kichwa. "Dunia na nukta nimezikuza makusudi, baba! Jiwe lenyewe litapita mbali. Nikizichora kwa ukubwa wake hakuna atakayeziona."

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

"Kweli. Sikuandika."

Nilifarijika kwa jibu hilo, nakiri, maana nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye aibu.

Alikaa mezani mpaka saa tisa alasiri, akaongeza kitufe kilichoandikwa "Ukubwa halisi". Kisha tukaenda, mimi kwa magongo, yeye ameikumbatia kompyuta. Tulimkuta mjane jikoni, mfuko wa mbegu ukiwa karibu na mafiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Katekista, na mguu huo! Kwani limeshakaribia?"

"Nimekuja kukuambia nilikosea. Halitatugusa."

"Ulikosea wewe, au Mungu amesikia?"

Darasani nimeulizwa mengi, lakini si hilo. "Nilikosea mimi," nikasema. "Yeye kusikia anasikia kila siku."

Binti yangu akabonyeza kitufe. Dunia ikanywea ikawa kijinukta, jiwe likatoweka, kioo kikabaki cheusi.

"Liko wapi?"

"Lipo, mama, ila ni dogo mno na liko mbali."

"Mmelificha." Mjane alitikisa kichwa. "Nyie watu wa shule! Jana lipo, leo halipo."

Mkono wake ukaenda kwenye mfuko. Binti yangu akaifunga kompyuta, akaomba punje moja, akatoka nayo uani na kuiweka chini.

"Mama, hii ndiyo dunia. Wote tumo humu, sisi na Burundi na bahari zote." Akapima futi moja kwa mkono. "Mwezi uko hapa." Kisha akatembea mpaka kwenye migomba. "Jiwe litapita hapa nilipo. Na kwa kipimo hiki, chembe ya unga ni kubwa kulishinda."

Mjane akaenda kutoka kwenye punje mpaka migombani, polepole, kwa hatua za mtu anayepanda. Akarudi hivyo hivyo.

"Hapa katikati hakuna kitu?"

"Hakuna, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akainama, akaiokota punje na kuipuliza vumbi. "Sasa mbona mnaitupa chini? Hii ni mbegu."

Akairudisha kwenye mfuko, akaufunga kwa kamba, akamwita mjukuu wake amtolee jembe. Zilizopungua nilimjazia kutoka ghalani kwangu. Zile zilizokwisha kuiva hazikuwa na la kufanywa, tukakaa watatu tukazila.