Mfereji wa Rugenge na Sahihi Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa ujenzi wa mji, Mbelgiji mwenye kofia ya nyasi, alinikabidhi mira, yaani ubao mrefu wenye rangi nyekundu na nyeupe ulioandikwa vipimo. "Simama wima," alisema. "Ukiinama kidogo tu, naandika uongo."

Tulikuwa tunapima mteremko wa mifereji. Niliupenda ule wa Rugenge kuliko yote. Maji yalishuka baridi kutoka mlimani, yakakata katikati ya mtaa hadi ziwani. Akina mama waliloweka mihogo humo, na mmoja wao, Nabintu, alinicheka kila nilipoteleza na mira yangu. Nikamwoa.

Uhuru ulipokuja, Mbelgiji alivuka mpaka kwenda Usumbura. Shefu mpya aliyeshika nafasi yake, mwananchi mwenzetu, akaniita.

"Mufukie mufereji wa Rugenge. Tutagawa viwanja."

"Shefu, maji itapita wapi?"

"Ile mufereji iko ya Wazungu."

"Wao walikuta maji iko inapita, shefu."

Kesho yake nilihamishiwa Kalundu, nikapime kina cha maji bandarini. Malori yakaanza kumwaga udongo Rugenge.

Kisha uasi ukaingia mjini. Nilipanda milimani na Nabintu hadi Rurambo, ambako wafugaji walitupa kibanda na maziwa. Tuliporudi, shefu alikuwa amekimbia na mvua zilikuwa karibu. Majirani wakachukua majembe, nami nikashika mira. Tukautoa udongo wote. Siku maji yalipopita tena, wanawake walipiga vigelegele. Sijapata kufurahi vile kazini.

Miaka mingi baadaye, shefu mwingine aliniletea mpango uleule. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Bila sahihi ya mpimaji, ambaye sasa nilikuwa mimi, kazi isingeanza. Sikuuliza swali hata moja. Nikasaini.

"Ni weye ulisaini?" Nabintu aliniuliza.

"Ni minye."

"Uliogopa nini?"

Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimechoka tu.

Sasa Nabintu hayupo, na pale kwenye mfereji kuna maduka. Mvua ikinyesha, watu wa mtaa hupandisha magodoro juu ya meza. Ninyi mnaoanza kazi hii, msidhani sahihi ni wino tu.

Kuna asubuhi nakwenda kusimama kati ya maduka yale, nasikiliza kama maji bado yanapita chini.

"Mzee, unangoja nani?" wenye maduka huniuliza.

Nawaambia napumzika kidogo.