Siku Niliyomlilia Bibi Akiwa Hai

Nilipokuwa mtoto kule Kagerankanda, tulijifunza kusikiliza kabla ya kujifunza kusoma. Mtu akipiga kelele mlima wa pili, bibi aliinua kidole nasi tukanyamaza. Kwetu Waha kelele ya namna hiyo tunaiita induru, na kila jambo lina induru yake. Ya mwizi ni fupifupi, inakimbia. Ya moto haipumziki. Ya msiba huanza juu kabisa, ikashuka polepole kama mtu anayeteremka na mzigo kichwani, halafu inaanza tena. Ukiisikia hiyo unatupa jembe, huulizi.

Hiyo ya msiba watoto tulikatazwa hata kuiigiza. Bibi alikuwa akisema, "Ukiilia pasipo maiti, itaingia ndani kumtafuta." Niliamini hilo sawasawa na nilivyoamini mahubiri ya Jumapili, sikuwa na akili ya kutenganisha.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Bibi alikuwa kitandani wiki ya tatu, hali chakula wala hatembei, na watu wazima walikuwa wameanza kuongea chinichini. Asubuhi hiyo mama alipokwenda kupalilia maharage ng'ambo ya bonde aliniachia watu wawili: bibi, na mdogo wangu Obedi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajua kukimbia.

Hapa lazima niungame. Miaka yote nimesema nilikuwa natafuta kuni. Si kweli. Nilikuwa juu ya mpera wa jirani, nakula mapera mabichi. Niliposhuka, Obedi hakuwepo. Nilimkuta kwenye shimo tulilochimbia udongo wa tofali, limejaa maji ya mvua, ameshika majani ya ukingoni, maji yakimgusa kidevu.

Nikalala kifudifudi, nikamkamata mkono. Kumvuta sikuweza. Tope lilikuwa linateleza, na mimi mwenyewe nikawa naingia.

"Njooni! Njooni jamani!"

Sauti ya Mama Josefina, jirani yetu, ikavuka bonde kutoka shambani: "Acha mchezo, wewe! Kaoshe vyombo!" Wenzake wakacheka.

Nilijua sauti moja tu ambayo hawataicheka. Nilijua pia nani amelala mle ndani. Mungu ananiona: nilimfikiria bibi, nikamwangalia Obedi, nikachagua. Nikailia. Juu kabisa, ikashuka, nikaanza tena.

Wote wakaja mbio. Mama Josefina alifika wa kwanza, kitenge kiunoni, machozi tayari yanamtiririka.

"Bibi amekufa?"

"Bado!" nikamjibu. "Obedi, shimoni!"

Akaruka na nguo zake. Obedi akatolewa, akatapika maji, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Watu waliendelea kufika. Mzee mmoja alikuja na chepe kabisa, la kaburi. Mama alikuwa amemkumbatia Obedi, anamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka yule mzee akauliza, "Sasa wewe mtoto umemlilia nani?" Shukrani ikakatika. Kila mtu akatazama mlango wa bibi.

Mlango ukafunguka. Bibi alisimama pale ameshika mwimo, shuka begani, miguu imekonda kama miti ya kuegeshea maharage.

"Nani ananililia nami nasikia?"

Mama akamweleza. Bibi akamtazama Obedi aliyejaa tope, akanitazama mimi. "Induru ikikosa maiti inafungwa," akasema, "na wa kuifunga ni huyo aliyeliliwa. Mnanikodolea macho ya nini?"

Akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Meno hakuwa nayo, cha kwanza kikatoka upepo mtupu. Cha pili kikashika. Mama Josefina akakipokea, wanawake wote wakapokea, na ng'ambo ya bonde wakaitikia bila kujua kuna nini. Yule mzee akachomeka chepe lake ardhini akaanza kucheza. Jioni bibi akaomba ugali.

Alipalilia maharage yake misimu mingine sita.

Mwezi uliopita binti wa kwanza wa Obedi alibatizwa mtoni, huku Kasulu. Tukiwa tunangoja ukingoni nilimwambia mdogo wangu habari ya mapera. Alinitazama sana.

"Kumbe dada uliniuza kwa mapera? Tena mabichi!"

Tulicheka mpaka mchungaji akatugeukia. Mapera nimeyatubia. Induru sijaitubia, na nadhani sitaitubia. Mchungaji anasema mauti haiitwi kwa kelele, naye amesoma kuliko mimi. Mimi najua tu kwamba siku ile niliamini naiita, na niliogopa, na mkono wa Obedi sikuuachia. Na kama kweli ilifika mlangoni kwetu, ilimkuta mwanamke mzee amesimama wima, anashangilia.

Yule binti akainuliwa kutoka majini, anakohoa, anacheka. Sikungoja mtu. Nikatupa kichwa nyuma.