Maji ya Moto ya Godelive

Ukitaka ugomvi na Godelive, gusa maji yake. Mjane huyu alikimbia vita vya upande wa Fataki na ng'ombe wachache, akajenga pembezoni mwa Bunia, zizi juu, kisima chini. Kwa uchafu hakuwa na mchezo. Maji ya mtoto aliyachemsha mpaka sufuria ibaki nusu. Na jirani akijifungua, wengine walipeleka kuku. Godelive alipeleka termosi ya maji, kila asubuhi, mpaka mtoto akaze shingo.

Binti yake Rébecca alipokwenda Komanda kibiashara, alimwachia Orly, mtoto mchanga, pamoja na kopo la maziwa ya unga. Haikupita wiki, midomo ya Orly ikaingia kijivu, kisha kucha. Homa hakuna. Godelive akashikwa na hofu, akayachemsha maji zaidi, akamwongezea maziwa kwenye biberoni, chupa yake ya kunyonyea. Mtoto aliposhindwa hata kulia, alimfunga mgongoni, akapanda pikipiki hadi hospitali.

Damu waliyomtoa ilikuwa ya kahawia. Walimchoma dawa kwenye mshipa, kisha muuguzi Alexis akaketi karibu na bibi.

"Mama, maji ya biberon unatoa wapi?"

"Mu puits yangu, kisima ya pale nyumbani. Lakini nachemushaka! Sana!"

"Na ngombe iko wapi?"

"Kule juu ya puits."

"Mavi na mikojo ya ngombe inashuka na mvua mu udongo, inaleta kitu inaitwa nitrate mu puits. Siye wakubwa inatupita tu. Mutoto mudogo inamuharibia damu, anakosa hewa. Na moto haiondoe ile kitu, mama. Maji inapunguka, yenyewe inabakia."

Godelive aliitazama mikono yake. Aliona uchungu, aliona na aibu. Midomo ya Orly ilikuwa imeanza kurudia wekundu, lakini moyo wake haukutulia. Marcelline, jirani yake aliyetoka kujifungua, alikuwa amekosa maziwa ya kunyonyesha, akimkorogea mwanawe ya unga. Termosi ya jana alikuwa amempelekea kwa mkono wake mwenyewe.

Alimwachia Alexis mtoto, akarudi mbio.

Marcelline alikuwa mlangoni, mwanawe begani, ndani ya kitenge. "Mama Godelive! Mungu akubariki. Mutoto ametulia vizuri, leo hajalia hata kidogo."

Godelive alikifunua kitenge. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Tuende hospitali," alisema. "Ni maji yangu."