Gobori Husema Mara Moja

Nyumba yangu ipo Uyole, karibu na barabara kuu, na malori hayanihurumii. Kuna siku lori hupunguza mwendo na injini yake hutoa mlio mmoja mkavu, paa! Wajukuu hawashtuki, wanaendelea kula. Mimi nimeshasimama, nimeshafika mlangoni, naangalia nani kaanguka. Mke wangu huniambia, "Kaa chini, mzee, chai inapoa." Nakaa, lakini moyo haukai. Unakuwa umeshakimbilia milima ya Kilolo, miaka ya hamsini, kwenye baridi ya mwezi wa saba, nikiwa skauti mwenye kaptula ya kaki iliyonipwaya kiunoni.

Nikwambie ukweli, ndugu yangu, sikuwahi kuwa mtoto wa kutulia. Nikiambiwa nichochee maharage, nilifunua chungu kila saa mpaka nyumba nzima ikala maharage yanayonuka moshi. Basi niliposikia kwamba kambini tutafundishwa kulenga shabaha kwa bunduki ya kweli, usingizi ulinihama. Bibi, aliyenilea, hakutaka kabisa. Nikasusa ugali, nikamfuata mpaka kisimani nikilalamika, hadi akachoka. "Mtoto akililia wembe, mpe," akasema, akanifungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa bila kunitazama usoni.

Mwalimu wetu wa skauti alikuwa amepigana Burma wakati wa vita, akarudi na goti bovu na sauti ya chini. Bunduki aliiazima misheni. Ndiyo aliyoitumia padri kufukuzia nyani mahindini. Siku za kwanza hatukuigusa. Tulisimamisha mahema bondeni, tukateka maji ya kijito yaliyouma meno, tukakata kuni, tukaimba. Asubuhi mwalimu alitulaza kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, kila mmoja na kijiti chake badala ya bunduki, akawa anapita nyuma yetu akirudia yale yale: mdomo wa bunduki usimtazame mtu, hata ikiwa tupu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka nikuambie. Nikijikuna tu, ananiambia nianze upya. Nilimchukia, wacha nikwambie! Vijiti! Sisi tulikuja kushika vijiti?

Siku ya bunduki ilipofika, mwalimu aliweka debe bovu juu ya kisiki, nyuma yake ukingo mrefu wa udongo. Akafunga kamba, akatuambia wasiopiga wakae nyuma ya kamba hiyo. Wa kwanza nikawa mimi, nadhani alitaka apumzike na usumbufu wangu. Nililala, shavu kwenye ubao baridi wa bunduki, puani harufu ya mafuta. Mwalimu akachuchumaa kando yangu. Akasema, "Piga." Nikapiga, na debe likaruka na kubingirika kwa kelele. Akaniambia niingize risasi ya pili, nitulie, nisubiri neno lake. Nikaiingiza, nikalenga pale pale kisikini.

Sasa uwaelewe watoto wa Kihehe wa wakati ule. Bunduki tuliyoijua nyumbani ilikuwa gobori la wawindaji. Gobori likishalia limekwisha; kulishindilia baruti tena ni kazi ya mtu kumaliza kiko kizima cha tumbaku. Kwa hiyo nguruwe pori akianguka, watu wote mbio, maana anayewahi kumshika mkia ana fungu lake la nyama. Hakuna aliyetufundisha hilo, tulikua nalo. Debe lilipokoma kubingirika, mtoto wa jirani yetu, niliyechunga naye mbuzi tangu tukiwa wadogo, akairuka kamba akipiga kelele, "Mkia wangu! Mkia wangu!" Wengine wakamfuata.

Nilikuwa nimefumba jicho moja. Pale penye kisiki pakaja shati la kaki.

Kidole changu kilikuwa nje. Mimi, ambaye hata kanisani sikufika baraka ya mwisho bila kufinywa, nikakauka. Mwalimu akaifunika bunduki kwa kiganja chake, akaitoa risasi, akaitia mfukoni. Kule mbele rafiki yangu alikuwa ameinua debe juu, anacheka.

Tulingoja fimbo. Mwalimu akawaita warudi, kisha akaketi chini, akasema polepole, "Gobori husema mara moja. Hii ilikuwa haijamaliza kusema." Rafiki yangu akalitazama debe, akanitazama mimi, akaliweka chini taratibu. Mchana ule ugali ulibaki sufuriani, na kwa skauti hilo si jambo dogo.

Kesho yake mwalimu alimkabidhi rafiki yangu kitambaa chekundu. Bunduki ifunguliwe, ionekane tupu, ilazwe chini, ndipo apunge. Kabla ya hapo hakuna mguu kuvuka kamba. Tulipiga sote kwa zamu na hakuna aliyekimbia. Alipunga kitambaa kile kwa uso wa mzee wa kanisa, yeye aliyekuwa mcheshi kuliko sisi wote.

Kutotulia kwangu kuligeuka sura tangu hapo. Zamani nilihangaika kwa kutaka. Sasa nahangaika nikihakikisha kila mtu yupo. Magobori yamekwisha, mwalimu wetu amekwenda, na lile bonde limejaa miti ya mbao, huwezi hata kusema kijito kilipita wapi. Mimi na rafiki yangu hatukuizungumza siku ile hata mara moja. Ila kila tulipokutana uzeeni alinisalimu, "Kamwene," kisha akakishika kidole changu cha shahada, akakaa nacho kidogo kabla ya kukiachia.

Mwaka jana alifariki, kitandani pake, wajukuu wakigombania nani akae karibu na kichwa chake. Kwenye maziko watu walilia, na mimi nililia. Lakini jeneza lilipokuwa linashushwa, shukrani ilinijaa, na sikuweza kumwambia mtu: kwamba amechukuliwa na uzee, hakuchukuliwa na mimi.