Siku Niliyoziba Hori ya Yiti

Siku yangu ya kwanza ya uvuvi Yiti, pwani ya Maskati, mwaka 1964, nilikuwa na maneno mengi kuliko samaki. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kutoka Unguja, mimi, mke wangu na mama, tumebanana chumba cha kuazima Matrah. Nahodha Salim alinikubali kwa majaribio, mbele ya wavuvi wake wote wanane. "Kesho mfuateni huyu, tumuone," alisema, akapanda mashua kwenda Matrah kununua nyuzi. Nikishindwa, kazi sina.

Ilikuwa bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Kwetu Unguja, bamvua likitoka pwani hubaki kavu. Basi maji yalipojaa nikaziba kwa wavu mdomo wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, mkizi wakiwa ndani, nikawaambia wenzangu tukanywe kahawa. "Tukirudi tutaokota kwa mikono," nikajigamba.

Tuliporudi, maji yalikuwa kiunoni na hayatoki tena. Maji ya bahari ya Maskati hayatoki mbali kama ya kwetu. Mkizi wakaanza kuruka juu ya maboya ya wavu, mmoja mmoja, sisi tunawatazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nahodha akatokea wakati huo huo, nyuzi begani. Khamis, msaidizi wake, alifungua kinywa. Nahodha akamuwahi.

"Musimlaumu. Mimi nlimwambia afunge hivi."

Akapandisha kanzu, akaingia majini. Akatupanga mstari, tukayapiga maji kwa viganja tukiwasukuma samaki kwenye kina kidogo, na wachache waliosalia tukawapata. Jioni akaniambia, "Kesho uje mapema, mwanangu."

Nilivua naye miaka sita. Sijaona mtu aliyeijua kazi kama yule. Kabla ya kutupa wavu alikuwa akisimama kimya, mguu mmoja majini, mpaka aujue mkondo unavuta wapi. Nilimpenda kama baba. Na muda wote huo uongo wake niliubeba peke yangu, nikiona aibu mbele ya wenzangu.

Mwaka 1970 nilipopata kazi ya ofisi, Nahodha keshafariki. Siku ya kuagana nikaona nitubu. Nikawaambia wenzangu kuwa siku ile ya mkizi Nahodha hakuniagiza chochote.

Wakaangua kicheko.

"Sheikh, si tulikuwapo?" alisema Khamis. "Hakukwambia neno la wavu."

"Basi mbona mulinyamaza miaka yote?"

Khamis akanijazia kikombe. "Hapa hakuna asiyekuwa na siku yake kama yako ile. Mimi nna mbili."

Sasa nimestaafu, nnakaa Amerat, huku juu milimani ambako bahari huioni. Ofisini nilifika kuwa mkuu, na vijana wangu walikosea kama nilivyokosea mimi. Kila mara nilisimama nikasema, "Mimi ndiye niliyemwagiza." Wenzao walikuwa wakiinamisha vichwa kwenye mafaili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilimwagiza lini.