Hukumu Chini ya Cherehani

Mji wote wa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ulijua kwamba fundi Mudathiru anashona kwa miguu na kuhukumu kwa mdomo. Redio yake ilining'inia juu ya cherehani, na kila kiongozi wa magaidi aliyeuawa na droni huko nchi za mbali, kesi yake ilimalizwa hapo kibarazani kabla upindo wa suruali haujafika mwisho. Huruma hakuwa nayo, hata ya kuazima.

Jumatatu redio ilitangaza mmoja aliyepigwa kwenye nyumba alimojificha, katika nchi isiyo yake. Héritier, mwendesha pikipiki aliyekuwa akingoja koti lake, akauliza, "Papa Mudathiru, na mwenye inchi, balimuuliza kwanza?"

"Kuuliza nini? Ukiuliza, anasikia, anakimbia. Samaki inaozaka kichwa kwanza. Kata kichwa."

"Na kumupeleka mbele ya juji, ku tribinali?"

"Tribinali ni ya bantu benye haya."

"Na bale balikuwa naye mu nyumba?"

Mudathiru akakata uzi kwa meno. "Nani alibaambia bakae naye?"

Maman Nabintu, jirani yake kutoka Bukavu, aliyeuza sambaza, dagaa wa kisiwa cha Nkombo, alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote, akajitwika beseni lake, akaenda zake. Mudathiru alidhani amekubali.

Alhamisi alirudi, kibaraza kimejaa wateja. "Papa Mudathiru, wewe njo unajua sheria. Kuko kiongozi wa kundi anamaliza mali yangu. Kila asubuhi ninaanika, kila asubuhi anakuja kushambulia. Sasa nimejua fasi analala. Ni kwa jirani, na mwenye nyumba anamupenda sana. Nimuulize kwanza?"

Mudathiru alivimba kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumwambia anajua sheria, hata marehemu mkewe. "Usiulize. Ingia, piga."

"Ata mu nyumba ya bantu?"

"Ata mu nyumba ya bantu. Hawa wote ni mashahidi."

"Aksanti, Papa." Nabintu akachomoa mchi kutoka ndani ya kitenge chake, akainama chini ya cherehani.

Hapo chini, ndani ya boksi la vipande vya vitambaa, alilala Madamu, paka wa Mudathiru, huku watoto watatu wakinyonya. Alikuwa ananuka sambaza waziwazi. Lakini paka huyo aliingia dukani wiki ile ile Mudathiru alipomzika mkewe, na tangu hapo hakutoka, na mzee alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mudathiru aliruka, kiti kikaanguka, akasimama mbele ya boksi mikono wazi, tepu ya kupimia shingoni. "Ngoja kwanza. Nani alimuona?"

"Mimi."

"Mapaka ya rangi hii inajaa mpaka kule Gihundwe."

"Huyu sikio moja imekatika."

"Ungekuja kuniambia. Hapa ni kwangu."

"Ukiuliza, anasikia, anakimbia."

"Na hibi bitoto? Bilifanya nini?"

"Nani alibiambia bikae naye?" akajibu Nabintu kwa upole kabisa.

Héritier alicheka mpaka akashika ukuta. Mudathiru hakucheka. "Maman Nabintu," alisema, "ninakuomba. Tumusikilize kwanza."

Basi kesi ikasikilizwa. Héritier alikalia kiti cha hakimu. Nabintu alileta wavu wake wa kuanikia, uliochanwa kwa kucha, na Mudathiru akatetea kwamba mama anayenyonyesha hula kwa midomo minne. Madamu alipatikana na hatia bila ubishi: afungwe kwa utepe kwenye mguu wa cherehani kila asubuhi mpaka sambaza zikauke, na fundi ashone wavu. Mshtakiwa alisinzia wakati hukumu inasomwa. Nabintu aliushusha mchi, ambao tangu mwanzo hakuwa na nia ya kuutumia, lakini hilo hakulisema.

Wiki iliyofuata redio ikatangaza kiongozi mwingine, nchi nyingine. Wateja wakamgeukia fundi kungoja hukumu. Mudathiru aliondoa mguu kwenye pedali, akaongeza sauti.

"Yule alikuwa muntu mubaya, sikatae," alisema. "Lakini mungoje. Habajasema bado alikuwa na nani mu nyumba."