Nilimshukuru Mungu kwa Kidonda Kikavu

Niliwahi kusimama mbele ya watu ishirini nikamshukuru Mungu kwa kidonda kisichotoa usaha.

Watu wakaitikia amina. Mdogo wangu, mama wa mtoto mwenye kidonda, akalia kwa furaha.

Kumbe nilikuwa nashukuru kwa ugonjwa wenyewe.

Mimi ni fundi viatu, miaka arobaini na sita. Shule niliiacha nikiwa mdogo, nikairudia ukubwani, masomo ya jioni, nikakaa dawati moja na watu ninaoweza kuwazaa. Somo lililoniteka ni biolojia. Kitabu kilikuwa wazi kibandani muda wote, pembeni ya gundi na sindano, mpaka wateja wakanibatiza jina la Dokta.

"Dokta, hiki kiatu kitapona au tuite ndugu?"

Nilikuwa nacheka nao. Lakini lile jina liliniingia moyoni, likakaa vibaya.

Mdogo wangu anapiga pasi kwa dobi. Ana mtoto mmoja wa kiume, miaka miwili na nusu, aliyechelewa kutembea na kuongea. Siku alipopiga hatua tatu bila kushikwa, mjomba mtu nikamshonea viatu. Ngozi laini, rangi ya buluu. Nilivyojisifu, acha tu.

Kiatu cha kulia kikamchubua kidole gumba.

Mchubuko ule ukagoma kupona. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukawa kidonda, kikachimbika, kingo zikaanza kuwa nyeusi. Lakini kikavu. Hakuna usaha hata tone. Mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha kwa maji ya chumvi, na mimi ndiye niliyesimama kwenye kikundi chetu cha maombi kutoa ushuhuda kwamba Mungu amekilinda kidonda kisioze.

Mdogo wangu alilia, ndiyo, ila hakutulia. Kesho yake akampeleka mtoto zahanati. Wakamtoa damu, wakasema majibu ni saa kumi. Yeye akawahi pasi zake, akaniomba nikayachukue.

Mtu wa maabara alinikabidhi karatasi bila kunitazama mara mbili. Akasema seli nyeupe ni elfu sitini na mbili, na mtoto arudi kesho asubuhi bila kukosa. Chini ya karatasi aliandika hivyohivyo, akapigia mistari miwili.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Wiki ileile darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba seli nyeupe ni askari wa mwili. Njiani nikajipigia hesabu yangu. Askari wengi, kidonda kisafi. Vita tumeshinda. Huyu wa maabara anajua kupima tu, kuelewa atuachie sisi.

Nikamkuta mdogo wangu amesimama mlangoni kwa dobi, jasho linamtiririka.

"Kaka, wamesemaje?"

"Mtoto ana jeshi mwilini. Elfu sitini na mbili."

"Hawakusema turudi?"

"Hapana."

Neno moja tu. Hakuna aliyenikaba koo nilitoe.

Nimejiuliza sana, nikiwa magotini, kwa nini nilidanganya. Jibu ni dogo na la aibu. Nilikuwa nimeshatoa ushuhuda. Kumrudisha mtoto zahanati ilikuwa ni kukiri kwamba Dokta amekosea.

Karatasi nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia yangu, kama ombi lililojibiwa.

Zikapita siku tisa.

Siku ya tisa mwalimu wetu, mama mmoja mkali anayefanya kazi maabara nyingine mchana, alikuwa ameniagiza nimtengenezee mpira mdogo uliozungushiwa ule utepe wa viatu vya watoto, unaokwaruza ukiubandua. Niliushona vizuri. Nikaja nao darasani kifua mbele.

Akatandika blanketi juu ya meza, akaiinamisha meza upande mmoja. Akatwambia blanketi ni ukuta wa mshipa wa damu, na mpira ni seli nyeupe. Juu ya seli kuna protini zinazokamata sukari. Si sukari ya chai, akasema, kuna vijisukari vimeota kwenye ukuta wa mshipa kama manyoya ya hili blanketi. Ukuta nao una protini za aina hiyo, zinazokamata sukari zilizo juu ya seli. Ni kushikana mikono.

Akauachia mpira wangu. Ukabiringika, ukapunguza mwendo, ukakwaruza, ukasimama katikati ya blanketi.

"Hapo ndipo askari anapotoka kwenye mshipa kwenda kidondani," akasema.

Kisha akachukua mpira mwingine, mtupu, akauachia. Ukateleza moja kwa moja, ukadondoka sakafuni, ukapotelea chini ya madawati. Darasa likacheka.

Mimi nikanyoosha mkono. Nilitaka tu kuonekana makini.

"Mwalimu, na zisiposhikana kwenye mwili wa binadamu kweli?"

"Zinapita tu. Ukimpima damu utazikuta nyingi ajabu, maana zipo barabarani, hazifiki kazini. Na kidonda chake kinabaki kikavu. Usaha ni mabaki ya askari waliofika wakapigana wakafa. Ukiona kidonda kibaya hakina usaha kabisa, ogopa."

Kidonda kikavu. Elfu sitini na mbili.

Nikaona midomo yake inacheza, sisikii kitu. Nikainuka. Daftari nikaliacha, koti nikaliacha. Nilikimbia mitaa minne hadi kwa mdogo wangu, mimi na kitambi changu, nikisema Ee Mungu, Ee Mungu, bila kujua naomba nini.

Mtoto alikuwa anachemka. Mguu umevimba hadi kwenye kifundo.

Hospitali kubwa walitupokea jioni ileile. Kidudu kilikuwa kimeshaingia kwenye mfupa. Kesho yake asubuhi wakakikata kidole.

Mdogo wangu alihitaji kitu cha kushika. Nikampa Biblia yangu.

Walilazwa siku kumi na tisa. Damu ikapelekwa kupimwa mbali, na majibu yalipokuja daktari akatukalisha chini. Mwili wa mtoto hauwezi kuziwekea seli zake aina moja ya sukari, kwa hiyo hazina pa kushikwa. Hata kuchelewa kutembea na kuongea kunatokana na hilo. Kuna unga wa sukari hiyo, wa kunywa kila siku. Baadhi ya watoto unawasaidia kupigana na vidudu. Kuhusu kuongea, daktari hakutuahidi kitu.

Mdogo wangu alipotoka nje, nikabaki nyuma.

"Daktari, tungekuja siku tisa kabla, kidole kingekuwepo?"

Akafikiri. "Labda," akasema.

Hiyo labda ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Mtaani, lakini, nilikuwa shujaa. Habari zilishasambaa kwamba Dokta amekimbia kutoka darasani akamwokoa mpwa wake. Wateja wakaja kunishika mkono. Kila sifa ilikuwa kama msumari unaopigwa kwenye soli ambayo mguu bado umo.

Nikaamua kuichoma ile karatasi. Nikakumbuka iko wapi. Ndani ya Biblia niliyompa mdogo wangu.

Nikajipa moyo kwamba labda hajaifungua Biblia ukurasa ule.

Wikiendi baada ya kuruhusiwa, kikundi kilikutana. Mama kiongozi akamwomba mdogo wangu atoe ushuhuda. Akasimama na mtoto mgongoni, akasema maneno machache tu: ushuhuda huu ni wa kaka.

Akaketi. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza. Nilikuwa na hotuba nzuri kichwani, ya mpira na blanketi. Nikafungua mdomo, kikatoka kingine.

"Walisema mtoto arudi kesho yake. Waliandika kabisa. Mimi nilimwambia mdogo wangu hawakusema."

Mtu mmoja akakohoa.

Mdogo wangu akafungua Biblia yangu, akaitoa karatasi, akaninyooshea. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, kama kitu kilichofunguliwa na kufungwa mara nyingi.

"Niliiona siku ya kwanza wodini," akasema, taratibu. "Kila asubuhi ukija na chai nilikuwa najiambia, leo kaka ataniambia. Siku kumi na tisa."

Nikaipokea ile karatasi.

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alimshusha mtoto mgongoni, akamweka mapajani pangu.

"Unga wake ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Jioni utampa wewe. Darasani utachelewa, utawaambia kwa nini."

Hajasema amenisamehe. Sijamuuliza.

Wewe unayesoma hapa, ukijua nusu ya jambo, ile nusu nyingine iite kwa jina lake, sema sijui. Na ukimsemea Mungu uongo mbele za watu, hata kwa nia njema, rudi uukanushe mbele ya watu walewale, kabla hawajakupigia makofi.

Jina la Dokta nimelikataa. Wateja wananiita Fundi, inatosha.

Nimemshonea mtoto viatu vingine, vipana. Ndani ya kile cha kulia, mbele, nimejaza pamba ilipopungua nyama. Kila nikimvisha naibonyeza kwa kidole changu, nihakikishe haimchubui.